“Mimi Sisomeshi Yeboyebo”

Maneno matatu tu, msomaji wangu, yalinifanya nilale nimegeukia ukutani wiki nzima. Aliyeyasema ni mume wangu, mwanaume ambaye hata akinipigia simu ya dakika moja lazima aulize kama nimekula. Si mlevi, si mkorofi. Ndo maana yaliniuma.

Ilikuwa Desemba 2024. Majina ya waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza yalikuwa yametoka, na binti yetu, ambaye nyumbani tunamwita Kipusa, alikuwamo. Alipangiwa sekondari ya kata, hii hii ya kwetu huku pembezoni mwa Dar es Salaam, daladala zinakogeuzia. Mimi nikapiga vigelegele. Mume wangu akaweka simu mezani, akamgeukia mdogo wake aliyekuja kututembelea, akasema: “Mimi sisomeshi yeboyebo.”

Shemeji akacheka. Kipusa alikuwa amesimama mlangoni na jagi la maji. Mimi nikaendelea kupakua wali kama sijasikia.

Usiku ndo nikamuuliza, “Baba Kipusa, kwani mimi nimesoma wapi?”

Akanyamaza kidogo. “Aah, wewe ni tofauti, mama.”

Kama ulikuwa mdogo miaka ile, nikukumbushe. Mpango wa kuendeleza elimu ya sekondari ulianza 2004, na kila kata ikaambiwa ijenge shule. Nchi nzima ilikuwa na sekondari 1,745 mwaka 2005. Kufika 2009 zilizidi 4,000. Zilikuwa nyingi, za haraka na za bei nafuu, watu wakazibatiza jina la zile ndala za plastiki ambazo kila mtu alikuwa nazo: yeboyebo. Mimi niliingia kidato cha kwanza 2006. Tulikuwa na madarasa mawili yasiyo na milango, kila mtu alikuja na kiti chake kutoka nyumbani, na maabara ilikuwa michoro ubaoni. Walimu wetu wengi walikuwa vijana waliotoka kidato cha sita na kupewa mafunzo ya wiki chache. Tuliwaita vodafasta. Kwa bahati na kwa ubishi nilitoka na cheti kilichonipeleka chuo cha uhasibu, na huko ndiko nilikokutana na huyu bwana, yeye akiwa ametokea shule ya bweni ya kulipia huko Moshi.

Kwa hiyo aliposema “yeboyebo”, mimi sikusikia jina la shule. Nilisikia jina langu.

Nisikudanganye, naye alikuwa na hoja. Anakumbuka Februari 2013, matokeo ya kidato cha nne yalipotoka na zaidi ya nusu ya watahiniwa wakapata sifuri, mpaka serikali ikaunda tume na matokeo yakapangwa upya. Anaijua mitaa. Na 2024 alikuwa amepandishwa cheo kazini. Alipata shule ya bweni ya kulipia, ada shilingi milioni 3.2 kwa mwaka, mbali na sare na michango. Hela hiyo tuliitenga kwa ajili ya nyumba yetu, ambayo mpaka leo imeishia kwenye lenta. Nilipomkumbusha nyumba akanijibu, “Unataka tumtoe mtoto kafara kwa sababu ya bati?”

Basi tukawa watu wa salamu tu. “Umeamkaje?” “Salama.” Chumvi anamwomba mtoto.

Siku ya tano nikajigundua. Nilikuwa naitetea shule ambayo sijawahi kukanyaga hata geti lake. Nilikuwa najitetea mimi. Nikasema hapana, Jumamosi hii nauliza watu.

Nilianzia saluni, maana huko hakuna siri. Mama mmoja mwenye vijana wawili waliopita pale, mmoja akaenda kidato cha tano, mwingine akaishia kuendesha bodaboda, alinambia, “Mdogo wangu, shule haisomi. Mtoto ndo anasoma.” Aliyekuwa anasukwa pembeni akadakia: “Anasoma na nani? Mwalimu wa fizikia yuko mmoja kwa vidato vyote!” Wakabishana mpaka msusi akasahau mstari wa katikati. Baba mmoja pale dukani yeye alilalamikia michango ya chakula cha mchana. Kabla ya 2016, ada ya sekondari ya kutwa ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka, ikafutwa, na yeye alielewa kwamba kila kitu ni bure. Mwingine aliniuliza shule imekuwa ya ngapi. Nikamwambia tangu Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule bora. Akashangaa: “Sasa tutajuaje?”

Swali zuri. Ndo nikakumbuka kuwauliza wanaosoma.

Wiki iliyofuata nilikaa na wanafunzi watano wa mtaani kwetu, kwenye kibaraza cha jirani, nikawanunulia soda. Nakwambia ukweli, ilikuwa kama wanazungumzia shule nyingine. Hakuna aliyetaja nafasi ya shule kimkoa. Kijana wa kidato cha tatu alisema, “Anti, kidato cha kwanza mwaka mzima mimi nilikuwa naitikia tu ‘yes, madam’. Sielewi kitu.” Wenzake wakacheka, na kila mmoja akakiri. Darasa la kwanza mpaka la saba umesoma kwa Kiswahili, halafu Januari unaamka karibu kila somo ni Kiingereza. Yule kijana alikuwa wa kwanza darasani kwa hesabu shule ya msingi. Sekondari alipata 18, kwa sababu swali lenyewe hakulielewa.

Msichana mmoja alisubiri wavulana waende kurudisha chupa, ndipo akanisogelea. Vyoo havina maji. Akiwa kwenye siku zake hubaki nyumbani, siku mbili, tatu kila mwezi. Na njia ya kule bondeni ina vijana wa bodaboda wanaotoa lifti za bure. “Za bure mwanzoni,” akasema, akaangalia chini.

Nikawauliza: kuna kizuri chochote? Hapo wakaanza kupigana vikumbo. Mwalimu wa Kiswahili anayesimulia mpaka kengele mnaichukia. Timu ya netiboli. Mwalimu wa baiolojia anayebaki mpaka saa kumi na moja jioni na wanaotaka kubaki, bila kudai hata mia. “Sema wanaobaki ni wachache,” akasema yule kijana.

Nilirudi nyumbani na daftari. Wazazi wote walinizungumzia matokeo, walimu na michango. Watoto walinizungumzia lugha, maji, njia, na mtu anayebaki mpaka jioni. Na hata orodha ya watoto, ukiitazama vizuri, nusu yake haitibiwi na ada ya milioni tatu. Nusu nyingine ni kweli inatibiwa, na hilo nilimezea mate nikalikubali.

Usiku ule nikamsomea mume wangu daftari lote. Hakunikatisha. Nilipofika kwa yule msichana na choo, akajishika kichwa. Kisha akauliza swali ambalo wiki mbili nzima hakuna kati yetu aliyeliuliza: “Kipusa mwenyewe anasemaje?”

Tukamwita. Alikuja na uso wa mtu anayejua anaitwa kwa nini, maana nyumba yetu kuta zake nyembamba.

“Mimi naogopa Kiingereza,” akasema. “Na ile njia ya bondeni. Basi.”

“Na bweni je?” baba yake akauliza.

“Bweni naogopa mtakuwa mnanuniana na mimi sipo.”

Mume wangu akatoka nje kama anaenda kufunga geti. Geti lilikuwa limefungwa tangu saa moja. Aliporudi Kipusa alishalala. Akakaa ukingoni mwa kitanda, akasema, “Mama Kipusa, nisamehe kwa lile neno. Nililisema mbele ya mdogo wangu, na mbele yake nitalifuta.” Na alilifuta, Jumapili, shemeji akiwa hana pa kuangalia.

Usifikiri hadithi imeishia kwenye maua. Kipusa alianza kidato cha kwanza Januari 2025, pale pale kwenye kata. Hatukuzila fedha zile. Sehemu tulilipia kozi ya Kiingereza wakati wa likizo, sehemu ikaenda kwenye mchango wa chakula na pedi za kutosha. Kila asubuhi baba yake anaivuka naye ile njia ya bondeni ndipo apande daladala ya kazini, na sasa anavusha watoto sita. Jioni wanasoma kitabu kimoja kwa sauti, ukurasa mmoja mmoja. Kwenye kikao cha wazazi alisimama akauliza kuhusu maji ya choo cha wasichana; wazazi wa kiume wakaguna, akarudia swali. Tenki lilikuja baada ya miezi mitano, kwa michango yetu wenyewe. Mwalimu wa fizikia bado ni mmoja.

Muhula wa kwanza Kipusa alipata 31 kwenye hesabu. Mume wangu alishika ile karatasi, nikamwona “si nilikwambia” ikimpanda mpaka kooni. Akaimeza. Mimi nami nikameza yangu. Tukamwita mtoto, tukamuuliza swali gani halikueleweka. Mwishoni mwa mwaka alipata 47. Mwaka huu yuko kidato cha pili na upimaji wa kitaifa unamsubiri. Atatokaje? Kuna usiku nawaza labda mume wangu ndiye alikuwa sahihi. Namwambia. Naye ananijibu kuna usiku anawaza labda mimi.

Kwa hiyo wewe na mwenzio mnaobishana leo kuhusu shule, iwe ya kata, iwe ya basi la njano, nina ushauri mmoja tu. Kabla hujatamka kwamba shule fulani ni takataka, angalia kwanza ni nani ndani ya nyumba yako amesoma huko. Halafu muiteni mtoto, akae, mumuulize anaogopa nini. Jibu lake linaweza kuwa fupi kuliko ugomvi wenu wote.