Unakimbia, au Unanikimbia?

Jamani, baridi ya Boston haina adabu! Mwenzenu nimezaliwa Moshi, nikadhani kwa kuishi chini ya mlima basi baridi naijua. Kumbe wapi. Huku Desemba, saa kumi na robo jioni jua limeshazama, na alfajiri nikitoka kukimbia hata kope zinashika barafu.

Najiandaa na marathoni ya hapa, inayokimbiwa Aprili. Ndiyo ile ambayo mwaka 1988 Juma Ikangaa wetu aliikosa kwa sekunde moja tu, nyuma ya Ibrahim Hussein wa Kenya. Baba alikuwa akiisimulia kama ndugu yetu kadhulumiwa shamba. Sasa kilomita 42 na ushee huwezi kuzivamia tu, kwa hiyo mazoezi yanaanza Desemba, upende usipende. Jumanne na Alhamisi nakimbia kando ya mto Charles kabla ya kazi. Naanza kwa kuukabili upepo, ili wakati wa kurudi nimeshalowa jasho, unipige mgongoni badala ya kifuani. Jumatano nipo jimu juu ya mashine, nakimbia siendi popote. Halafu Jumapili, kilomita 22, polepole.

Hiyo Jumapili ndiyo iliyoleta maneno. Mume wangu anafanya zamu ya usiku. Yeye anaingia anavua viatu, mimi navaa vya kwangu. Siku ya wote wawili ni Jumapili tu, nami nilikuwa naimaliza barabarani, kisha naanguka kwenye kochi mpaka jioni.

Jumapili moja nikaamka nikamkuta jikoni, anakanda unga wa visheti peke yake. Kwao Tanga, sikukuu ikikaribia mama yake alikuwa akipikia karibu mtaa mzima, na yeye ndiye mtoto aliyekuwa hatoki jikoni.

"Mpenzi, si ungeniamsha?"

Hakugeuka. "Kila siku unakimbia. Hivi unakimbia, au unanikimbia mimi?"

Majibu nilikuwa nayo, tena makali. Lakini nikaona makopo matano yamepangwa mezani, ya kuwapelekea majirani na wafanyakazi wenzangu. Wenzangu mimi, si wake. Nikanawa mikono.

Visheti havitaki papara. Unga unachanganywa na samli na iliki, unakandwa kwa tui mpaka ushikane, unakatwa vipande vidogo na kukaangwa kwa moto wa wastani. Ukizidisha moto, nje vinaungua na ndani vibichi. Kisha unapika shira mpaka inanata vidoleni, unamimina vyote humo na kugeuza bila kuacha, mpaka sukari ikauke nyeupe. Hapo mkono mmoja hautoshi. Tukawa tunapokezana mwiko.

Katikati ya kugeuza nikamwambia ukweli. Mwaka huu nauli ya kwenda nyumbani hatukuwa nayo. Desemba Wachaga wanapanda kwao, na kila simu kutoka Moshi nasikia kelele za watu na mbuzi. Kukaa ndani ya nyumba kulinishinda. Nje, kwenye ule ubaridi, nilikuwa sifikirii kitu.

Akanyamaza kidogo. "Na mimi je? Kwani Tanga tunaenda?"

Sikuwa nimewahi kumuuliza. Hata siku moja.

Sasa mbio ndefu nimezihamishia Jumamosi. Natoka saa kumi na nusu alfajiri, taa kichwani na kizibao kinachong'aa, nazunguka mpaka nafika kazini kwake saa moja, zamu inapokwisha. Ndani ya glovu naweka vipande vya kashata za karanga alizopika yeye. Ukiviweka mfukoni vinakuwa vigumu kama kigae, lakini kiganjani vinabaki laini, na vinanipa nguvu kwenye vile vilima vya Newton.

Tunarudi pamoja kwa treni, mimi nanuka jasho, yeye anasinzia begani kwangu. Kashata ikibaki anaidai. Eti kaipika yeye. Nami namwambia ngoja kwanza, aliyeibeba kilomita 22 ni nani?