Baada ya Kupiga Mbizi, Usikimbilie Irente

Ukisimama kwenye mwamba wa Irente, kilomita chache kutoka Lushoto mjini, unaona mashamba ya mkonge ya Mazinde chini kabisa, na nyika ya Wamasai ikipotelea mbali. Watoto hupenda kuchungulia, washike mkono.

Kwa familia inayopita kwanza Mombasa kwa likizo ya bahari, ipo hatari nyingine isiyoonekana.

Huko, mwaka 2002, meli kuukuu ya kubeba mifugo, Dania, ilizamishwa makusudi iwe makazi ya samaki. Imelala kwenye kina cha takribani mita 30, na wapiga mbizi huishukia wakiwa na mitungi ya hewa mgongoni.

Kina hicho kina shinikizo mara nne ya lile la ufukweni. Nitrojeni huyeyuka mwilini. Mtu akipanda mlima kabla haijatoka, hugeuka mapovu, kama soda inapofunguliwa. Na barabara ya kona kutoka Mombo hufika karibu mita 1,400.

Wataalamu hushauri kusubiri angalau saa 12 baada ya mbizi moja, na saa 18 baada ya kadhaa, kabla ya kupanda ndege. Mlima mrefu uhesabiwe vivyo hivyo.

Maumivu ya viungo, ganzi au kizunguzungu usiviite uchovu wa safari. Nendeni hospitali mara moja, na mweleze daktari mzazi alipiga mbizi lini.

Siku ya mwisho ya bahari iwe ya kuchezea mchanga tu. Irente haihami, mtaikuta, na jibini yake.