Zima Ile Taa Kubwa, Shemeji

Shemeji mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Mombasa. Dada ameniambia kwamba mahali penu pa kuotea moto nyuma ya nyumba pamekwisha, matofali yamekauka, na majirani wa Limuru wameshaanza kujialika. Ameniambia pia kuwa umefunga taa ya usalama juu ya ukuta, ile nyeupe inayomulika hadi shambani kwa watu, na kwamba wageni wakishakula nyama wanaingia ndani upesi. Uliniuliza ufanyeje. Nimekuwa nikizunguka Mji wa Kale usiku na swali lako kichwani, na naona jibu liko huku.

Jua la hapa linazama karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, na giza haliji polepole. Magharibi ikishaswaliwa, majiko yanatolewa nje. Nilisimama kwa muuza mishikaki mmoja kwenye kichochoro kinachotokea Ndia Kuu, nikamtazama kwa muda mrefu. Ana glopu moja tu, imening'inia juu ya jiko, na ameifunika kwa mkebe wa maziwa ya unga uliokatwa kitako. Mwanga unashuka wima juu ya nyama, aone iliyoiva na iliyobaki mbichi. Hata mteja mmoja haumpigi machoni. Akipepea, makaa yanageuka mekundu. Mafuta yakidondoka, ulimi wa moto unaruka, na nyuso zote zilizozunguka jiko zinaonekana kwa pamoja, kisha zinafifia. Watu hawana haraka pale. Wameshalipa, wameshakula, bado wamesimama wanazungumza.

Fikiria sasa taa yako. Jicho la mtu huchukua kama dakika 20 hadi 30 kuzoea giza sawasawa, na mmuliko mmoja wa taa kali unaifuta kazi hiyo yote. Mgeni wako akiinua macho tu, moto unakuwa hafifu mbele yake na uso wa mwenzake unapauka. Halafu kuna rangi. Mwanga wa mshumaa uko karibu Kelvini 1,900, wa makaa uko chini zaidi ya hapo. Taa nyeupe za kawaida za usalama zinafika 5,000 au 6,500. Rangi ya moto na ya taa hizo hazipatani kabisa. Tafuta zilizoandikwa 2,700 au chini yake, zile za manjano. Zina faida nyingine: wadudu hawazifuati sana kama wanavyozifuata nyeupe. Na ukungu wenu wa Limuru nao unajua mwenyewe, taa kali ya juu ikiupiga unageuka pazia jeupe, huoni hata ua wa nyuma.

Jana jioni nilipita Fort Jesus. Ngome ile Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596, kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, na tangu 2011 iko kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Mchana wa saa sita ukuta wake ni bapa tu. Lakini jua likiwa chini, likizipiga zile pembe za ngome kwa ubavu, kila jiwe la matumbawe linatokeza, kila tundu linashika kivuli chake. Nilikaa pale mpaka mwanga ukaisha. Shemeji, ule ukuta wako wa mawe ya kuchonga nyuma ya moto ni mzuri mno kuachwa hivi. Weka taa ndogo chini kabisa, karibu na shina la ukuta, imulike kwenda juu. Mbele yake usiweke kitu.

Nyumba ninayokaa ina ua mdogo katikati, na ukuta mmoja una zidaka, vile vishubaka ambavyo Waswahili walikuwa wakivitengeneza katika kuta za nyumba zao kuwekea vyombo na vitabu. Bibi mwenye nyumba ameweka glopu ndogo ndani ya kimoja, imesukumwa pembeni. Glopu yenyewe huioni. Unaona chokaa nyeupe inang'aa na ua wote unapata nuru. Taa ya pili iko kwenye kipandio cha mlango, chini ya goti. Basi. Nilipomsifia akaniambia, "Mwanangu, taa ni ya miguu. Uso una moto." Jiko lake la makaa lilikuwa katikati yetu, birika la kahawa juu yake, nami nikaona amemaliza maneno yote niliyotaka kukuandikia.

Ufukweni Mama Ngina nilikwenda pia, nikala mihogo yenye pilipili na ndimu. Pale ni uwanja wa umma, panahitaji nguzo ndefu na mwanga mwingi ili familia zitembee kwa amani, kwa hiyo usiige. Kimoja tu nilichokipenda: ukikaa ukitazama baharini ni giza, kisha inapita meli ya kuingia Kilindini na taa zake chache, na macho yanapata pa kwenda. Ule mparachichi wenu wa mwisho wa shamba ungefaa sana kwa kazi hiyo. Taa moja hafifu kwenye shina lake, nyuma ya watu wote.

Kuhusu kazi yenyewe, mwite fundi wa stima mwenye leseni. Waya upite ndani ya paipu iliyofukiwa, mbali na matofali yanayopata joto, na taa ziwe na alama ya IP65 kwa sababu ya mvua. Swichi ya taa ya usalama itenganishwe, ibaki kwa dharura tu. Huku chumvi ya bahari inakula chuma. Kwenu unyevu utafanya vivyo hivyo, basi skrubu ziwe za shaba au chuma kisichoshika kutu.

Napanda treni Miritini Jumamosi. Kabla ya hapo nipimie umbali kutoka ngazi ya jikoni hadi kwenye moto, na kimo cha ule ukuta wa nyuma, unitumie. Taa usinunue bado, tutazichagua pamoja Nairobi.

Msalimie dada na watoto.

Wako,
Shemeji yako