Kutoka Kiganjani hadi Karatasi ya Shabaha

Katika kumbukumbu za wawindaji wa Pennsylvania na milima ya Appalachia, gobore lenye mifuo, yaani bunduki inayoshindiliwa kwa mdomo na yenye michirizi ndani ya mtutu inayoizungusha risasi ili isiyumbe, lilipimiwa baruti kwa kiganja: risasi ya mviringo iliwekwa mkononi, ikamwagiwa baruti hadi ifunikwe. Kanuni hiyo hudharauliwa siku hizi, ingawa ilikuwa na busara yake, kwa kuwa ubora wa baruti ulibadilika kutoka pipa moja hadi jingine, na mwindaji aliyekwisha kuridhika na kiasi fulani alichonga kipimo cha pembe chenye ujazo huohuo, akakitundika mkobani.

Jeshi la Uingereza liliuondoa uamuzi huo mikononi mwa mpigaji lilipotoa bunduki ya Enfield ya 1853, ambayo baruti yake, kama gramu 4.4, ilifungwa pamoja na risasi katika karatasi, huku kilengeo cha nyuma kikipandishwa kwa ngazi kadiri ya umbali. Kilichobaki kwa askari ni kukisia umbali huo, jambo lililofundishwa katika chuo cha Hythe.

Uamuzi ulirudi kwa mpigaji wakati wapenzi wa silaha hizi walipoanza kushindana huko Portsmouth, Ohio, mwaka 1931, na safari hii mwamuzi akawa karatasi ya shabaha. Huanzwa na kiasi kidogo, ndani ya mpaka uliowekwa na mtengenezaji, kikaongezwa kwa greni 5, yaani theluthi ya gramu hivi, na kila kiasi hupigwa risasi tatu, mtutu ukipanguswa masizi baada ya kila mlio na risasi ikisukumwa kwa mdeki mpaka ikalie baruti, kwani nafasi ikibaki kati ya risasi na baruti mtutu waweza kuvimba au kupasuka. Kinachotazamwa ni jinsi matundu yanavyokaribiana, hata kama yote yako pembeni mwa shabaha, na hapo ndipo wanagenzi wengi hukosa subira wakakimbilia tupa. Kilengeo cha mbele kikikatwa risasi hupanda, na chuma kilichokwisha kukatwa hakirudi. Kwa hiyo mafundi hukiacha kirefu makusudi, wakakigusa baada tu ya kiasi cha baruti kuthibitika, maana kubadili kiasi hubadili pia mahali risasi inapoangukia.

Pwani ya Afrika Mashariki elimu hii haikupata nafasi kubwa. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulibana uingizaji wa bunduki zenye mifuo, ukaruhusu kwa masharti bunduki za gumegume, zinazowashwa kwa cheche ya jiwe, zisizo na mifuo, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara. Na kwa gobore linalotawanya marisaa hatua chache mbele ya mwindaji, kukikata kilengeo kwa tupa ni kazi isiyo na faida.