Mali Bila Daftari: Seva ya Hifadhidata Katika Tarakilishi ya Mtafiti wa Kiswahili

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Aghalabu methali hii hutajwa mbele ya mwenye duka, lakini inamhusu pia mwanafunzi wa fasihi simulizi aliyerejea kutoka nyanjani. Mali yake ni maneno ya watu: methali alizoandika barazani, maelezo ya wazee kuhusu matumizi yake, majina ya vijiji na tarehe za mahojiano. Baada ya mwaka mmoja, mali hiyo huwa imetawanyika katika madaftari mawili matatu na katika faili zenye majina kama "methali mpya" na "methali mpya kabisa". Msimamizi wake anapomuuliza ni methali ngapi zinazomtaja mnyama, na zilitolewa na wasimulizi wa umri gani, hutumia siku tatu kuhesabu, na hesabu ya siku ya nne huwa tofauti.

Dawa ya maradhi haya ilipendekezwa zamani. Mnamo 1970, Edgar F. Codd, mtafiti wa kampuni ya IBM, alichapisha makala iliyopendekeza data ihifadhiwe katika majedwali yanayohusiana. Kanuni iliyojengwa juu ya wazo hilo ni kwamba kila jambo liandikwe mahali pamoja tu. Mathalan, ipo methali isemayo "Ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini". Wapo wasemao "avunjikapo", na wapo wasemao "hukimbilia". Jedwali la kwanza litabeba methali na nambari yake. La pili litabeba vibadala. La tatu litabeba wasimulizi. Msimulizi aliyetoa methali hamsini ataandikwa mara moja, na kosa katika jina la kijiji chake litasahihishwa mara moja. Lakini kabla ya kuunda majedwali hayo, mtafiti hana budi kuamua: je, kibadala ni methali nyingine, au ni ile ile iliyovaa vazi jingine? Nahau itaingia wapi? Swali ambalo daftari humruhusu mtu kuliahirisha, hifadhidata hulidai siku ya kwanza.

Kusakinisha seva yenyewe si kazi ya kutisha. MariaDB, iliyoanzishwa 2009 kama tawi la MySQL, na PostgreSQL, yenye asili yake katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, hupatikana bila malipo, na tarakilishi ya kawaida ya mwanafunzi inatosha kuziendesha. Programu ya usakinishaji humtaka mtu achague nywila ya mtumiaji mkuu, kisha hunyamaza. Kimya hicho humtatiza mgeni, kwani haufunguki ukurasa wowote wa kuandikia. Ikumbukwe kwamba seva ni mtumishi: hukaa nyuma ya pazia akingoja kuitwa. MariaDB, kwa kawaida, husikiliza kwenye lango nambari 3306, nayo anwani 127.0.0.1 ni njia ya tarakilishi kujiita yenyewe. Maagizo hupelekwa na programu nyingine, hivyo tarakilishi moja huwa mwenyeji na mgeni kwa wakati mmoja.

Mtumishi huyu, hata hivyo, hakulelewa katika Kiswahili. Katika lugha ya SQL, ambayo ndiyo lugha ya kumwamrisha, matini huanza na kuishia kwa alama ya mfano wa ritifaa. Mtafiti anapomwandikia ng'ombe wa methali, seva huona "ng" na kudhani matini yamekwisha. Yale yanayofuata huyakataa kama upuuzi. Suluhisho ni kuiandika ritifaa mara mbili, au kutumia programu inayopeleka matini kando na amri. Isitoshe, programu za kuchapia hupenda kuipinda ritifaa, na seva huweza kuichukulia ng'ombe yenye ritifaa iliyonyooka na ng’ombe yenye ritifaa iliyopinda kuwa maneno mawili tofauti. Asiyejua haya atahesabu ng'ombe wake nusu, na hatapata onyo lolote.

Mtego wa pili umejificha zaidi. MariaDB huweza kuunda faharasa ya maneno yote ya matini ili utafutaji uwe wa haraka. Katika mipangilio yake ya kawaida, faharasa hiyo huyaacha nje maneno yenye herufi chini ya tatu, na orodha ya maneno yanayopuuzwa kwa sababu ya wingi wake imejengwa hasa juu ya Kiingereza. Sasa na itazamwe methali "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi". Ondoa "si", na methali imepinduka. Mtafiti wa ukanushi atakayeitafuta "si" katika faharasa hiyo atarudi mikono mitupu, na huenda akaandika katika tasnifu kwamba methali za aina hiyo ni haba. Mpangilio huo hubadilishwa kwa mstari mmoja, kisha seva huwashwa upya na faharasa kujengwa upya. Lakini ni nani atakayejua kwamba mstari huo wahitajika, ila yule anayeujua uzito wa "si"?

Kuna pia suala la amana. Mnamo Januari 2017, maelfu ya hifadhidata za MongoDB zilizoachwa wazi kwenye intaneti bila nywila zilifutwa na wahalifu waliodai fidia. Seva inayomhudumia mtu mmoja haina haja ya kusikiliza ulimwengu mzima. Ifungwe kwenye 127.0.0.1. Nchini Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 imewapa wasimulizi haki juu ya habari zinazowahusu. Majina yao yakikaa katika jedwali lao pekee, methali zaweza kutolewa kwa wasomi wengine pasi na kumwanika mzee aliyezitoa kwa nia njema.

Hatimaye, umeme hukatika na diski hufa. Kunakili faili za seva huku ikiendelea kufanya kazi huweza kutoa nakala isiyofunguka. Njia ya salama ni kuiamuru seva iandike hifadhidata yote kama matini ya kawaida, ambayo hata mwanadamu aweza kuisoma, kisha nakala hiyo ihifadhiwe mbali na tarakilishi na ijaribiwe kurejeshwa.

Yamkini wapo watakaosema kwamba haya ni ya wataalamu wa tarakilishi, nao wanafunzi wa Kiswahili wabaki na mashairi yao. Kauli hiyo haina mashiko. Fundi stadi asiyejua Kiswahili atasakinisha seva bila dosari, na "si" itapotea mikononi mwake bila yeye kuhisi. Idara za Kiswahili zingefanya vyema kuifunza kazi hii sambamba na mbinu za utafiti wa nyanjani, kwani daftari la leo linahitaji mwandishi ajuaye mali iliyomo.