Siku ya Saba ya Tikiti

Mimi sijawahi kupanda treni. Naanza na hilo ili mtu asije akasema nimedanganya. Ila Juni mwaka jana nilisafiri kwa treni siku sita katika nchi tano za Ulaya, nikiwa nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa kwenye kibanda cha kinyozi hapa Nyarugusu. Pale kuna sola, na kinyozi ni mtu wangu.

Aliyekuwa kule na mwili wake ni rafiki yangu. Tulimwita Konda tangu tukiwa wadogo, kwa sababu kila gari la maji lilipopita yeye alikimbia nyuma yake akiita abiria. Tulisoma dawati moja mpaka sekondari. Tulikuwa na atlasi moja iliyong'olewa jalada, tukawa tunaweka kidole Lisbon na kukiburuta hadi Moscow bila kukinyanyua, tukibishana nani atashuka wapi kununua mikate. Baadaye kesi ya familia yao ikapita, wakapanda ndege kwenda Uswidi. Kesi yetu ikabaki ilipo. Wengi humu mnaijua hadithi hiyo, siirudii.

Konda anafanya kazi ya usiku kwenye ghala huko Malmö. Alikusanya hela miezi mingi akanunua tikiti inayoitwa Interrail. Ilianza 1972, wakati ule kwa vijana wa hadi miaka 21 tu. Siku hizi yeyote anaweza kuinunua, ila ukiwa na miaka 27 au chini unapunguziwa bei. Kilichotufurahisha ni kwamba si lazima uwe raia wa Ulaya, inatosha uwe mkazi halali. Yeye alichukua ya siku saba ndani ya mwezi mmoja: siku yoyote unayopanda treni inahesabiwa, ukifika usiku wa manane siku hiyo imekufa.

Akaniambia, "Wewe ndiye utapanga. Mimi nitakuwa miguu." Nikakubali haraka. Kazi yangu na vijana hapa ni ratiba tupu: timu kumi na mbili, uwanja mmoja, mpira mmoja unaopona na kuugua. Nikanunua bando, nikashusha programu ya ratiba za treni kwenye simu, nikakaa nayo wiki mbili. Nilifika mahali najua treni gani inatoka jukwaa gani Hamburg kuliko ninavyojua gari la kwenda Kasulu linaondoka saa ngapi. Mwenye kucheka acheke.

Siku ya kwanza ilikuwa daraja. Kati ya Malmö na Copenhagen kuna daraja lililofunguliwa mwaka 2000, karibu kilomita nane juu ya bahari, magari juu na treni chini yake, halafu linazama likawa handaki. Nilimwandikia, "Kaa dirishani. Usilale." Akanipigia kwa video. Niliona vyuma vinapita vuu vuu vuu, na nyuma ya vyuma maji. Kinyozi aliacha kichwa cha mteja nusu akaja kuangalia. Mteja naye akaja, na sabuni yake. Konda akasema, "Mpaka ni hapa katikati." Tukauliza wapi? Akasema, "Tumeshapita." Tukanyamaza wote. Mteja, mzee mmoja wa Fizi, akauliza kama ameelewa vizuri: hapakuwa na kamba? Hapakuwa na kamba.

Kutoka Copenhagen kwenda Hamburg nilimweleza Konda kitu nilichokisoma, kwamba zamani treni ya njia ile ilikuwa inaingia ndani ya meli na abiria wake, inavuka bahari, inatoka upande wa pili. Iliacha kufanya hivyo Desemba 2019. Hakuamini. Nikamwambia, kwani Liemba umeisahau? Hiyo yetu ni kinyume, ni meli iliyoingia ndani ya treni. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, wakaibomoa vipande, wakaitia kwenye masanduku mpaka Dar es Salaam, ikapanda reli mpaka Kigoma, wakaiunga tena. Meli imetuzidi sote, imefika Ulaya na imepanda treni.

Hamburg nilimkosea. Nilimwandikia treni ya kwenda Köln ni saa nne kasoro robo asubuhi. Yeye kwa kukaa kule miaka, akili yake sasa inasoma saa kizungu. Akaamka, akafika stesheni saa kumi kasoro robo alfajiri, giza, watu wa usafi peke yao, akasubiri treni masaa sita. Ujumbe wa sauti alionitumia siwezi kuuandika hapa, gazeti hili linasomwa na wachungaji.

Köln kanisa kuu liko mlangoni mwa stesheni. Unatoka tu limekusimamia kichwani. Minara yake ina mita 157. Walianza kulijenga 1248 wakalimaliza 1880. Nilipiga hesabu nikapata miaka 632, nikamwandikia: "Basi kesi yetu bado ni mtoto mchanga." Alicheka mpaka mlinzi akamwangalia.

Nilikuwa nimejiandaa kuona wivu Paris. Nilijua utanipata kwenye ule mnara, nikajiambia nikiuona nitajisemea ni chuma tu. Kumbe ulinivizia Brussels.

Kuna mtaa huko unaitwa Matonge, jina lilitoka Kinshasa. Konda alishuka na begi lake akaingia ndani ya mtaa huo, na simu ikiwa hewani. Nikasikia Lingala, nikasikia mama mmoja anapatana bei kwa Swahili yetu ya Uvira kabisa. Konda akamsalimia, "Jambo mama," yule mama akamuuliza kwao wapi, akamtajia, mama akapiga mikono. Wakampa kiti. Wakamletea pondu na makayabu, na fufu kubwa kama jiwe la msingi. Akageuza simu nione sahani.

Mwezi ule mgao wetu ulikuwa umepunguzwa. Nyumbani tulikuwa tunakula mara moja. Lakini sitaki kusema ni njaa, kwa sababu njaa ningeielewa. Kilichoniuma ni yule mama. Ile "kwenu wapi" ilikuwa ya kwangu. Mnara wa Paris si wangu, sikuwahi kuupoteza. Nilimwambia Konda mtandao umekatika, nikazima simu. Haukukatika.

Kesho yake nilimpeleka Tervuren, nje kidogo ya mji, kwa tramu namba 44. Hakutaka, alisema makumbusho atalala. Kule ndiko Mfalme Leopold wa Pili aliwaleta Wakongo 267 mwaka 1897, akawaweka kwenye vijiji vya kujengwa ili Wabelgiji waje kuwatazama. Saba walikufa. Makaburi yao yako kando ya kanisa la mji huo mpaka leo. Konda aliyapata, akasimama. Alikuwa na tabia ya kusema kila kitu anachokiona, lakini pale hakusema. Alishusha begi chini. Baada ya muda akaniambia, "Hawa walitutangulia," nikasikia upepo tu kwenye simu.

Paris napita haraka, picha mmeshaziona zote. Mnara una mita 330, foleni ndefu, maji ya kunywa bei ya kitenge.

Sasa nieleze Berlin, kwa sababu Berlin ndiyo ilikuwa yangu. Katika mpango wote niliomba kitu kimoja tu. Mwalimu wetu wa historia, Mungu ampe nguvu, alikuwa akitufundisha mkutano wa Berlin kwa kuchora meza ubaoni na viti vyake, halafu anatuuliza: kiti cha Mwafrika kiko wapi? Ule mkutano ulikaa Novemba 1884 hadi Februari 1885, katika mtaa wa Wilhelmstrasse. Watu husema mistari yote ya Afrika ilichorwa pale. Si kweli, mingi ilikuja baadaye. Pale walipanga masharti ya kugawana, na Leopold akatoka na Kongo mfukoni. Jengo halipo tena, liko bango tu la kumbukumbu. Nilitaka Konda asimame mbele ya bango hilo na mimi kwenye simu. Basi. Siku ya tano ilikuwa kutoka Paris kurudi Köln, ya sita kwenda Berlin, ya saba kwenda nyumbani.

Siku ya tano jioni alinipigia akiwa ndani ya treni, akaweka simu kwenye mfuko wa shati ili tuongee huku anakula. Karibu na mpaka mmoja, sitautaja, treni ilisimama kituo kidogo. Nikasikia buti. Nikasikia watu wanasalimia. Halafu sauti karibu kabisa, na Konda anajibu kwa Kiingereza: "Sweden. Yes, I live in Sweden." Hati yake si pasipoti. Ni ile hati ya safari ya mkimbizi, ya Mkataba wa 1951, yenye mistari miwili ya mshazari kwenye pembe ya jalada. Na kadi ya ukazi alikuwa nayo. Vyote vizima, havijaisha muda. Lakini yule afisa akauliza tena, akageuza kurasa, nikazisikia zinavyogeuzwa. Akauliza simu ile anaongea na nani. Konda akasema, "My brother." Yuko wapi? "Tanzania. In the camp." Sijui kwa nini alisema "in the camp". Wakamwambia ashuke na begi.

Hapo laini ikakatika kweli.

Walimrudishia hati baada ya saa moja na kitu. Hakuna kosa, samahani kwa usumbufu. Treni ilikuwa imeondoka, na ya mwisho ya siku ile pia. Alinipigia, sauti imekauka. Mimi nilikuwa na asilimia 9 ya chaji na kinyozi anafunga. Nikatafuta ratiba: treni ya kwanza ya mkoa ni saa kumi na moja alfajiri. Safari hii niliandika 05:00 ili asikosee.

Usiku huo nilimfundisha kusubiri. Nacheka, lakini ni kweli. Alikuwa ameshasahau. Nilimwambia akae penye taa, si penye kona. Pitisha mkanda wa begi mguuni. Usiangalie saa mpaka uhesabu vitu ishirini. Alilalamika kwamba benchi lina vyuma vya kugawa viti, mtu hawezi kujinyoosha. Nikamwambia walala kwa zamu, mguu mmoja baada ya mwingine. Tukatumiana sauti mpaka simu yangu ikafa.

Asubuhi nilipoiwasha alikuwa Köln. Nikamtumia treni ya Berlin, jukwaa, kiti, kila kitu. Akajibu, "Mimi narudi Malmö."

Nikamwandikia kwamba Berlin ni masaa manne na nusu tu. Kimya. Nikaandika kwamba siku moja ya tikiti itabaki bure, hela ya bure. Kimya. Nikaandika kwamba nilimwomba kitu kimoja tu. Akatuma sauti: "Yangu, nimechoka kutoa makaratasi. Umenielewa? Kama unaipenda hiyo Berlin, utaenda mwenyewe."

Niliisikiliza mara nne. Kinyozi aliisikia pia, akawasha mashine ya kunyolea bila kuwa na mteja.

Hatukuongea wiki tatu. Mama yangu aliuliza Konda yuko wapi, nikasema yuko kazini. Vijana wa timu waliuliza tumefika nchi ya ngapi; walikuwa wamechora ramani na chaki kwenye ukuta wa choo cha uwanja, mshale umefika Paris umeishia hapo. Mvua ikaja ikaifuta, nikashukuru.

Nimefikiria sana nani alikosea. Siku nyingine naona ni yeye, kwa sababu mlango alikuwa nao mbele akakataa kuufungua. Siku nyingine naona ni mimi niliyemkalisha usiku kucha kwenye benchi halafu asubuhi nikamwagiza kama mtoto wa dukani. Nilikuwa nimesahau kwamba miguu ilikuwa yake.

Agosti nilipata kibali cha siku mbili kwenda Kasulu kwa mafunzo ya vijana. Karatasi yenye muhuri, jina, tarehe ya kutoka na tarehe ya kurudi. Niliipiga picha nikamtumia Konda bila neno. Gari lilikuwa limejaa, niko katikati ya mama mwenye kuku na kijana mwenye godoro. Tulipita kizuizi, wakasoma karatasi, wakaisoma tena, wakanirudishia. Simu ikatetemeka mfukoni.

"Kaa dirishani," alikuwa ameandika.

Nikamwomba mama mwenye kuku tubadilishane.