Siku sita njia ya Marangu: Kaka alishushwa usiku, baba mdogo akafika kileleni

Kwa Watanzania wengi, Mlima Kilimanjaro ni picha ya kwenye kalenda, au kitu cha kuonyeshana dirishani basi linapokaribia Moshi na mawingu yamefunguka. Wanaopanda ni wageni. Sisi tunabaki kuuliza, "Hivi ukifika juu unapata nini?"

Februari mwaka jana familia yetu iliamua kwenda kuona. Tulikuwa watatu: baba mdogo, miaka 61, mwalimu mstaafu wa jiografia aliyefundisha urefu wa mlima huo kwa zaidi ya miaka 30 bila kuukanyaga, kaka yangu, miaka 34, mcheza mpira wa mtaani anayekimbia kilometa 10 kila Jumamosi, na mimi, ambaye kazi yangu ya kuandika habari za afya hunikalisha kwenye kiti kutwa nzima.

Tulichagua njia ya Marangu. Zipo njia kadhaa za kupanda Kilimanjaro, lakini hii ndiyo pekee ambayo msafiri halali kwenye hema. Unatoka kituo hadi kituo, na kila kituo kina vibanda vyenye vitanda. Kwa baba mdogo na magoti yake, hilo lilimaliza mjadala. Raia wa Afrika Mashariki hulipa kiingilio cha chini kuliko wageni, ingawa bado ni fedha ya kuweka akiba kwa miezi.

Usiku wa kuamkia safari, tukiwa Moshi, baba mdogo alituweka kikao. Alisema mambo mawili. La kwanza, neno la mwongozaji ndilo la mwisho, hata kwake yeye mzee. La pili, akiugua mmoja wetu, hatashuka na wageni peke yao; ndugu mmoja atashuka naye. Kaka alicheka. "Baba mdogo, sema tu unaogopa wewe." Mzee hakucheka.

Mandara hadi Horombo

Lango la Marangu liko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Hapo mnaandikishwa, mizigo inapimwa, na wapagazi wanagawana. Mpagazi haruhusiwi kubeba zaidi ya kilo 20 za mizigo ya safari. Wenyewe huitana "wagumu", na ukiwaona wakikupita mlimani na gunia kichwani huku wakipiga soga, huulizi jina hilo limetoka wapi.

Siku ya kwanza ni msitu mtupu. Miti imefunikwa kuvu na ndevu za kijani, maji yanasikika kila upande, na mbega hurukaruka juu kwa mikia yao mirefu myeupe. Baada ya saa nne hivi tulifika kituo cha Mandara, mita 2,720. Vibanda vyake ni vya mbao, paa limeshuka mpaka karibu na ardhi kama herufi A. Kituo kimepewa jina la Mangi Mandara wa Moshi, na kinachofuata, Horombo, jina la mtawala wa Rombo. Baba mdogo alitueleza hayo yote akiwa amekaa juu ya kitanda na kikombe cha chai, kama yuko darasani.

Siku ya pili msitu unaisha ghafla. Unaingia kwenye vichaka na nyasi, jua linachoma na upepo ni wa baridi. Ni mwendo wa saa sita au saba. Mbele unaanza kuiona Mawenzi yenye vilele vilivyochongoka, na Kibo ikiwa na kofia yake nyeupe. Horombo iko mita 3,720. Jioni mawingu hubaki chini yako, na taa za Moshi zinawaka kwa mbali yanapopasuka.

Hapo ndipo maumivu ya kichwa yalipomwanza kaka, ingawa hilo tulilijua siku tatu baadaye. Mezani alisema yuko sawa. Alimeza dawa za maumivu akiwa chooni, akarudi kutuhadithia mechi ya Jumapili.

Hewa inapopungua

Hewa ya mlimani ina kiwango kilekile cha oksijeni kwa asilimia kama ya Dar es Salaam. Kinachopungua ni mgandamizo wake, kwa hiyo kila pumzi inaingiza oksijeni kidogo. Kileleni, mita 5,895, unapata karibu nusu ya unayoipata pwani. Mwili unaweza kuzoea, ila unataka siku kadhaa. Wataalamu wa tiba ya milimani hushauri kwamba ukishapita mita 3,000, usipandishe mahali pa kulala zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja. Njia ya Marangu inapandisha mita 1,000 kati ya kituo na kituo. Ndiyo maana wenye busara hulipia siku ya ziada na kulala Horombo mara mbili.

Nasi tulifanya hivyo. Siku ya tatu tulipanda taratibu hadi kwenye Mawe ya Pundamilia, mwamba wenye mistari myeusi na myeupe, tukarudi kulala palepale. Njiani kuna ile mimea ya ajabu isiyopatikana mahali pengine, yenye shina nene kama gogo na kichwa cha majani kama kabeji kubwa. Usiku hujifunga majani ili isigande.

Mwongozaji wetu, mzee wa Marangu aliyeanza kazi hiyo kama mpagazi akiwa kijana, alituuliza kila asubuhi na jioni maswali yaleyale: kichwa kinauma? Umelala? Umekula? Umekojoa? Kisha anatubana kidoleni kifaa cha kupimia oksijeni na kuandika kwenye daftari. Baba mdogo alijibu kwa kirefu, hata asiyoulizwa. Kaka alijibu "fresh" kwa yote manne.

Watu wengi hudhani mwenye mazoezi hapatwi na ugonjwa wa kimo. Si kweli. Mapafu na miguu ya mwanamichezo humsaidia kutembea, lakini hayamkingi. Mara nyingine humponza, kwa sababu anapanda haraka kuliko mwili wake unavyozoea. Kaka alikuwa wa kwanza kufika kila kituo.

Usiku wa Kibo

Siku ya nne tulivuka jangwa lililopo kati ya Mawenzi na Kibo. Hakuna mti, ni mawe na vumbi, na njia unaiona mbele yako kwa saa nzima bila kuisogelea. Kituo cha Kibo ni nyumba ya mawe, mita 4,720, baridi ndani kama nje. Maji hayapo; wagumu huyabeba kutoka chini. Tulifika saa 9 alasiri. Mpango ulikuwa kula mapema, kulala, kuamka saa 5 usiku na kuanza kupanda saa 6, ili jua lichomoze tukiwa Gilman's Point.

Kaka hakugusa supu. Alitapika mara mbili, akasema ni harufu ya mafuta ya taa. Saa 4 usiku niliamshwa na kishindo: alikuwa ameanguka akishuka kitandani. Nilimmulika kwa tochi. Akaniuliza mama ameenda wapi.

Mama yetu alikuwa Morogoro.

Mwongozaji alikuja, akamsimamisha, akamwambia atembee akifuata mstari wa sakafu, kisigino kiguse kidole cha mguu mwingine. Kaka alipiga hatua mbili, akaegemea ukuta kama mlevi. Mzee hakuuliza tena chochote. "Huyu anashuka sasa hivi," alisema.

Kaka alikataa. Alisema amelipa, amefika mpaka hapo, hawezi kurudi akachekwe. Alisema hayo kwa maneno yaliyokuwa yakimkatika mdomoni. Mwongozaji alimsikiliza huku akimvisha jaketi. "Kijana wangu, mlima utaukuta hapa. Mimi nataka na wewe tukukute."

Kukosa mizani ya mwili na kuchanganyikiwa ni dalili kwamba ubongo unavimba kwa kukosa oksijeni. Aina nyingine ya hatari ni mapafu kujaa maji: mtu anahema hata akiwa amekaa, anakohoa kikohozi cha majimaji. Zote mbili huua, wakati mwingine ndani ya saa chache. Oksijeni ya mtungi na dawa husaidia kununua muda, lakini tiba yenyewe ni kushuka, na kushuka hakusubiri asubuhi.

Baba mdogo alinitazama. Kikao cha Moshi kilikuwa kimeshaamua. Kilichobaki ni nani. "Baba mdogo, wewe nenda juu," nilimwambia. "Mimi nashuka na kaka." Alitaka kubisha. Nikamkumbusha nani aliyeweka sheria.

Saa 4 na nusu tulitoka: mwongozaji msaidizi, wagumu wanne, kaka akiwa amefungwa kwenye machela ya tairi moja na barakoa ya oksijeni usoni, na mimi nyuma nikimulika. Wagumu walibadilishana bila kuambiana, wawili mbele wawili nyuma, wakiita jina lake kila mara ili asilale. Hakuna hata mmoja aliyeonyesha kuchukia kwamba usingizi wake umekatishwa. Nilitazama nyuma mara moja tu. Juu ya Kibo palikuwa na mstari wa tochi za waliokwisha kuanza kupanda.

Tulipokaribia Horombo, saa 8 usiku, kaka alivuta barakoa na kuuliza kwa nini amefungwa kamba. Lilikuwa swali la kwanza la maana kwa saa nne. Mita 1,000 tu chini, na mtu alikuwa anarudi. Alfajiri aliomba chai. Tuliendelea kushuka asubuhi hiyo hiyo hadi langoni, kisha hospitali mjini Moshi, ambako alilazwa usiku mmoja kwa uangalizi. Hapo ndipo alipomwambia daktari, mimi nikisikia, kuhusu maumivu ya Horombo na dawa za chooni. Daktari alimuuliza kwa nini hakusema. Alijibu, "Mwanamume unaanzaje kulalamika kichwa mbele ya mzee?"

Nimelisikia jibu la namna hiyo mara nyingi kazini, kwa baba waliofika kliniki wakiwa tayari na kiharusi baada ya kuficha presha miaka kadhaa.

Aliyetembea kama kinyonga

Baba mdogo alitoka langoni siku ya sita, midomo imepasuka kwa baridi, cheti mkononi. Alifika Gilman's Point, mita 5,685, jua likichomoza nyuma ya Mawenzi, akazunguka ukingo wa kreta mpaka Kilele cha Uhuru karibu saa 3 asubuhi. "Wote walinipita," alituambia. "Nilitembea kama kinyonga." Pale juu alimkumbuka Luteni Alexander Nyirenda aliyepandisha Mwenge na bendera usiku wa Uhuru, mwaka 1961.

Tukiwa mbele ya bakuli za mtori, alimwambia kaka jambo ambalo halikuwa kwenye masomo yake ya shule. Hans Meyer, Mjerumani anayeandikwa kuwa wa kwanza kufika kileleni mwaka 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller, alikuwa ameshageuzwa na barafu mwaka 1887. Wenyeji wa Marangu nao humtaja Yohani Kinyala Lauwo, mzawa wa hapo, kuwa ndiye aliyewaongoza. "Meyer alirudi nyuma, akaja tena," mzee alisema. Kaka alinyamaza, kisha akaongeza mtori.

Kabla familia yako haijapanda

Muoneni daktari mapema, hasa mwenye presha, matatizo ya moyo, pumu au ujauzito. Mwenye selimundu asipande milima mirefu, na mwenye vinasaba vyake azungumze kwanza na daktari.

Ipo dawa ya kusaidia mwili kuzoea kimo, acetazolamide. Hutolewa kwa ushauri wa daktari, na mwenye mzio wa dawa za salfa lazima aseme. Haifanyi mtu aweze kupuuza dalili.

Lipieni siku ya ziada Horombo. Pandeni taratibu, kunyweni maji, epukeni pombe na dawa za usingizi.

Kichwa kikiuma, mwambieni mwongozaji kabla ya kumeza chochote. Asiyepata nafuu asipande zaidi, anayezidiwa ashuke.

Na kaeni kikao kabla ya kuondoka nyumbani. Kubalianeni nani ana neno la mwisho, na nani atashuka na nani. Mkishafika Kibo usiku, anayeumwa hana tena akili ya kuamua, na wenzake wana hamu ya kilele.

Kaka amesema atarudi Februari ijayo. Safari hii, anasema, yeye ndiye atakayekuwa wa mwisho kufika kila kituo. Nami nitakwenda naye, kwa sababu Uhuru sijakuona bado.